Karatasi ya Nyumba ya Kumi

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Chiriku alikuwa ameshawapa wenzake wa darasa la saba habari za mtaa mzima. Jina hilo alibandikwa na bibi yake, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na hata walimu walikuwa wamelizoea. Lakini Jumatatu moja alinyamaza ghafla, maana mwalimu wa uraia aliingia na boksi la karatasi.

"Tunataka kujua watu wazima wa mtaa huu wanauonaje uongozi," alisema mwalimu. "Je, wanataka viongozi wachaguliwe kwa kura? Wako huru kusema wanachofikiri? Wanahudhuria mikutano ya mtaa? Kama hawahudhurii, kwa nini? Nyinyi ndio mtakaowauliza."

Kila mwanafunzi alipewa nyumba kumi, na utaratibu ulikuwa mkali. Ukifika kwenye nyumba, unaandika kila mtu mzima wa humo kwenye kikaratasi chake, unavikunja, unavichanganya ndani ya kofia, kisha mwenyeji anaokota kimoja. Aliyeokotwa ndiye anayejibu, tena peke yake. Kama hayupo, unarudi baadaye. Huruhusiwi kumchukua mtu mwingine badala yake, hata awe na majibu mazuri namna gani.

"Atakayemaliza wa kwanza," mwalimu aliongeza, "ndiye atakayewasomea wananchi matokeo Jumapili, kwenye kipaza sauti."

Kipaza sauti! Chiriku alihisi moyo unataka kumtoka. Tangu azaliwe alikuwa akiongea bila msaada wowote wa umeme.

Kufikia Jumatano jioni alikuwa na karatasi tisa. Tatizo ni kwamba Mpole naye alikuwa na tisa. Huyo ni mvulana aliyekaa nyuma yake darasani, mtu wa maneno machache kiasi kwamba mwalimu alipoita majina, yeye aliinua mkono tu. Chiriku akakaza mwendo hadi nyumba yake ya kumi, kwa fundi cherehani.

Fundi alikuwa kibarazani, tepu shingoni na miguu ikikanyaga cherehani. Aliingiza mkono kwenye kofia, akaokota kikaratasi cha mkewe.

"Huyo yuko kazini, anafua mashuka hospitalini. Atarudi saa moja," alisema fundi. "Lakini ya nini kujisumbua, binti yangu? Mimi na mke wangu ni kitu kimoja. Wewe andika tu."

"Mwalimu alisema lazima ajibu mwenyewe."

"Kwani mwalimu ndiye aliyemwoa?"

Chiriku akacheka. Angeweza kurudi saa moja, lakini saa moja huenda Mpole angekuwa ameshamaliza. Akatoa kalamu. Fundi alijibu bila hata kusimamisha cherehani: kura ni jambo jema, kusema ni ruksa, na mikutano ya mtaa "tunahudhuria yote, hatukosi." Alhamisi asubuhi Chiriku akawa wa kwanza kukabidhi karatasi zake, akitabasamu hadi magego.

Ijumaa baada ya masomo mama yake alimtuma kwa fundi kuchukua sketi ya shule. Fundi alikuwa ametoka kununua uzi, na mkewe, ambaye Ijumaa hutoka kazini mapema, ndiye aliyemfungulia mlango.

"Nasikia wanafunzi wamepita na maswali ya uongozi," alisema mama yule huku akiikunja sketi. "Laiti kikaratasi kingeniangukia mimi! Mwaka wa tatu huu sijakanyaga mkutano wa mtaa. Wanauweka Jumatano saa tisa, na saa tisa mimi nina mapovu hadi kwenye viwiko. Halafu wanasema eti hatupendi mambo ya uongozi."

Kikaratasi kilikuwa kimemwangukia kweli, na Chiriku ndiye aliyekipuuza. Aliaga akiangalia chini, na badala ya kwenda nyumbani akapiga moyo konde, akaenda moja kwa moja shuleni. Mwalimu alikuwa bado ofisini, amezungukwa na mafungu ya karatasi.

"Mwalimu, nyumba ya kumi nimedanganya. Aliyejibu siye aliyeokotwa."

Mwalimu alivua miwani. "Ungenyamaza, nani angejua?"

"Mke wa fundi, mwalimu. Jumapili angekuwa amekaa pale, mimi ninasoma maneno ambayo hakuyasema."

Mwalimu akamkabidhi karatasi mpya. "Atakayesoma ni Mpole. Wewe rudi ukamalize kazi yako."

Machozi yalimtoka Chiriku njiani, akayafuta kwa sketi mpya. Alipopiga hodi, fundi alikuwa amesharudi kwenye cherehani yake.

"Nimekosea, mama," Chiriku alisema. "Kikaratasi kilikuwa chako. Naomba unisamehe, na naomba unijibu."

"Mwandikie kwamba..." alianza fundi.

"Samahani, baba. Anayejibu ni mama, tena peke yake."

"Ndani ya nyumba yangu mwenyewe?"

"Msema pweke hakosi, baba watoto," alisema mkewe akicheka. "Hebu leo nipishe na mimi nikosee kidogo."

Fundi akachukua kigoda chake, akashuka kibarazani akinung'unika. Mkewe alieleza mengi, na kwa nusu saa nzima Chiriku hakufungua mdomo ila kwa kuuliza.

Jumapili ukumbi wa shule ulijaa. Mpole alisoma kwa sauti ndogo, lakini kipaza sauti kiliifikisha hadi mlangoni. Kati ya watu mia nne, mia tatu na arobaini walitaka viongozi wa kuchaguliwa kwa kura. Waliohudhuria mkutano wowote mwaka ule walikuwa tisini tu, na wengi wa waliokosa walisema mkutano huwakuta kazini.

Mwenyekiti wa mtaa alijikuna kichwa. "Na mimi miaka yote nilidhani ni uvivu! Nani atatueleza zaidi?"

Kazi ya Chiriku siku hiyo ilikuwa kupitisha kipaza sauti. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa mke wa fundi. Chiriku alimpelekea mbio, akakishikilia, naye mama yule akaeleza habari ya mashuka na saa tisa hadi ukumbi ukapiga makofi. Mwenyekiti akaitisha kura: Jumatano saa tisa, au Jumapili saa nne asubuhi? Mke wa fundi aliinua mkono kwa Jumapili. Fundi, ambaye Jumapili hulala hadi adhuhuri, aliinua kwa Jumatano. Watu waliangua kicheko, na Jumapili ikashinda.

"Binti, sahihisha kwenye karatasi zako," alisema fundi, naye akicheka. "Nyumba yangu ina kura mbili, na moja imeniangusha."

Mwalimu akasimama kufunga mkutano. "Wanafunzi wangu, ukimsemea mtu bila kumuuliza, umemnyang'anya sauti yake, hata kama hukukusudia mabaya. Uongozi mzuri huanza kwa kuuliza kwa uaminifu na kusikiliza hadi mwisho. Mwenzenu mmoja alikosea, akakiri, akarudi kusahihisha. Bila yeye, mama huyu asingesikika." Kisha akamgeukia Chiriku. "Kipaza sauti bado kinawaka. Haya, na wewe sema."

Chiriku akakileta mdomoni. Kwa mara ya kwanza maishani mwake maneno yakamkimbia.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba!" ukumbi mzima ukaitikia, na sauti ya fundi ilikuwa kubwa kuliko zote.