Jiwe la Mghoi

Mkono wa kitambuamawe, mashine ya kuchagua mawe ya chuma kilimani, uliokota jiwe jeusi, ukalitumbukiza majini kupima uzito wake, ukalikwaruza kwa ncha ya chuma kujua ugumu wake, ukalipitishia sumaku, halafu ukalisugua juu ya kigae cheupe. Kigaeni ukabaki mstari mwekundu wa rangi ya matofali. Jiwe jeusi, unga mwekundu: himatiti, jiwe la chuma. Likatupwa kwenye mkanda unaoelekea kinuni, na kufumba na kufumbua mkono ulishashika jingine.

Mhandisi Mshai ndiye aliyekiunda kitambuamawe hicho. Wageni walipokuja kutazama, alipenda kuwaeleza kwamba rangi ya jiwe hudanganya, ila rangi ya unga wake haidanganyi. Alisema hayo kwa maringo kidogo, na nani angemlaumu? Chuma cha kilima kile ndicho kilichojenga vyombo vya kwenda Mirihi, na mji mzima ulikuwa ukila kwa mashine yake.

Jambo moja hakuwaeleza. Mwanzoni kitambuamawe kilikuwa kikisimama na kumuuliza mtu kila kilipokuta mawe yaliyopangwa, kwa kuwa mawe hayajipangi yenyewe. Kuuliza huko kulichelewesha kazi. Asubuhi moja Mshai aliiondoa amri ya kuuliza, kisha akaenda kunywa chai.

Kwenye mteremko wa magharibi palikuwa na makaburi ya kijiji kilichohamishiwa maghorofani. Hayakuwa na majina wala saruji. Kila kaburi liliwekewa kichwani jiwe jeusi, lile linalong'aa likinyeshewa. Kitambuamawe kiliyapima yote, moja baada ya jingine, bila kukosea hata mara moja, kikayabeba.

Mama Mghoi alikuja mwenyewe, leso mabegani, akaketi ofisini kwa Mshai bila kugombana na mtu.

"Mwanangu, nimefuata jiwe la Mghoi," alisema. "Alikuwa mdogo, hata shule hajaanza. Nimeambiwa mashine yenu inajua mawe yote."

Mshai alielewa papo hapo. Mawe mengi yalikwisha kuwa unga. Yaliyosalia yalirundikwa nyuma ya kinu, na kitambuamawe kingeweza kusema kila moja ni jiwe la aina gani. Kusema ni la nani, hapana. Ugumu ulikuwa ule ule, mng'ao ule ule, unga ule ule.

"Nitalitafuta, mama," akajibu.

Msimamizi wake, Mwakio, hakuona tatizo. "Mpe lolote," alisema. "Kwani si yale yale? Hata wewe na mashine yako hamwezi kuyatofautisha."

Basi Mshai akaenda kwenye rundo, akachagua moja lenye ukubwa wa mkate, akaliosha na kulikausha kwa kitambaa chake mwenyewe. Mama Mghoi alilipokea kwa mikono miwili. Alilipapasa huku na huku.

"Ndilo," alisema, akalifunga kwenye leso. "Mungu akuzidishie, mwanangu. Awabariki na waliokuzaa."

Mshai aliitikia amina. Aibu ilimchoma mpaka masikioni, akashindwa hata kumsindikiza mgeni wake hadi getini.

Juma lililofuata alikuta watu wamejaa pale getini, wengi wao wanawake. Mbele yao alisimama Mama Mghoi, lile jiwe kalipakata kifuani. Alikuwa amelileta ili wenzake waamini.

"Ndiye huyu," aliwaambia. "Msimwogope, ana utu. Mwelezeni tu mtoto wenu alikuwa nani, atawatafutia."

Rundo bado lilikuwepo. Mshai alijua kwamba angeweza kumpa kila mmoja jiwe lake, wote wakarudi nyumbani wakimwombea dua, na pasiwe na mtu wa kujua. Alikuwa karibu kufanya hivyo. Ndipo mzee mmoja, wa umri wa babu yake, akavua kofia na kuinama kumsalimu yeye, na Mshai akaona hawezi tena kusimama ndani ya uongo ule.

"Mama, nilikudanganya," alisema. "Hatujui jiwe lipi ni la nani. Hilo nilikuokotea tu. Na ni mimi niliyeikataza mashine kuuliza."

 

Mama Mghoi alilitazama jiwe. "Nimekuwa nikilala nalo," alisema polepole. "Nimelibembeleza." Kisha akainua macho, akampita Mshai kama hayupo, akawageukia wenzake waliosimama mikono mitupu.

"Basi hili ni la mtoto wa nani?" akawauliza.

Mwanamke wa kwanza alinyoosha mikono, na aliyekuwa nyuma yake pia.