Mnyoo Mmoja Bado Yu Hai

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano saa mbili asubuhi, wakati jengo zima linakimbilia kazini. Ndani walibanana watu wanane, mmoja wao binti wa koti jeupe na viatu vya njano, amekumbatia boksi kana kwamba amebeba mayai.

"Mko wangapi humo?" fundi aliuliza nje ya mlango.

"Watu wanane," binti alijibu, "na minyoo mia moja."

Watu saba waliruka upande mmoja, na nafasi iliyokosekana ikapatikana. Fundi alicheka hadi bisibisi ikamponyoka. Mlango ulipofunguka akamwona msemaji, na moyo ukamwenda mbio.

Hawakuchelewa kupendana. Fundi alimwita Mama Minyoo, naye akaitwa Bwana Lifti. Ila kumpata ilikuwa kazi. Binti alikuwa mwanafunzi katika maabara inayochunguza uzee, na minyoo wale, wembamba kuliko uzi, huzaliwa, huzeeka na kufa ndani ya majuma machache. Kila siku, Jumapili ikiwemo, ilibidi akae kwenye hadubini amguse kila mmoja kichwani kwa ncha ya waya. Akijitikisa, yu hai. Akiguswa mara tatu akatulia, ndipo aandikwe amekufa. Kuruka siku moja ni kuharibu jaribio, na jaribio likiharibika nafasi yake anapewa mwingine. Alikuwa amefungwa, maskini, tena kwa hiari yake.

"Laazizi, Jumamosi mama anatusubiri saa saba," fundi alimwambia kwenye simu.

"Nitakuja."

"Umesema hivyo mara mbili, na mara mbili umeniaibisha."

"Safari hii nakuapia."

Jumamosi alivaa gauni la bluu chini ya koti. Kufika saa sita, minyoo kumi na wawili walikuwa wametulia tuli kwenye sahani yao. Aliwatazama tu kwa macho, akaandika wamekufa, akachukua mkoba. Mlangoni miguu ikagoma. Akarudi, akawagusa. Tisa walitikisa vichwa. Hofu ikamshika: na wale wa jana je? Akaanza upya, sahani baada ya sahani. Simu ilikuwa kabatini, kwani mezani simu haziruhusiwi. Alipoitoa, saa kumi, alikuta amepigiwa mara kumi na moja, na ujumbe mmoja: "Nimeelewa. Usijisumbue tena."

Alilia. Hakumpigia. Alijiambia kwamba yameisha.

Siku tisa baadaye alipanda lifti na mama mmoja wa makamo, gauni la zambarau, mkoba kwapani.

"Maabara iko ghorofa ya ngapi, binti yangu?"

"Ya sita, mama. Nami naenda huko."

Lifti ikakwama.

"Mko wangapi humo?" Sauti ni ile ile.

Binti alisogelea mlango. "Wawili. Mnyoo amebaki mmoja."

"Bado hajafa?"

"Bado."

"Ana bahati. Yeye anaguswa kila siku."

"Nisikilize. Siku ile niliandika kumi na wawili wamekufa bila kuwagusa, kwa haraka ya kuja kwenu. Tisa walikuwa hai. Nikabaki kurekebisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisoma ujumbe wako, nikakuandika na wewe umekufa. Sikukugusa hata mara moja."

Mlango ulisogea upana wa kiganja. Binti alipenyeza mkono, kidole kikamfikia fundi kwenye paji la uso. Fundi alitetemeka, machozi yakamtoka bila aibu.

"Nipo, laazizi. Utaolewa na mimi au na minyoo?"

"Na wewe. Ila asubuhi nitakuwa kwao."

"Mwanangu," yule mama akadakia, "fungua mlango. Nimekuja mwenyewe kumtafuta huyu mkwe, na nimesikia vya kutosha."

"Mama?"

"Ndiyo, mama. Harusi mtapanga baadaye. Kwanza anionyeshe huyo mzee mwenzangu aliyebaki."