Utepe Wenye Kiraka

Kila siku baada ya masomo, Vipimo alipitia stesheni ya zamani kumsalimu bibi yake. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la sita, maana msichana huyu hakukosa utepe wa kupimia mfukoni. Bibi alikuwa karani wa tiketi enzi za treni. Treni ziliacha kupita kabla Vipimo hajazaliwa, lakini bibi bado alifagia jukwaa asubuhi na jioni, kana kwamba abiria wako njiani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Usikanyage hapo, nimepiga deki."

Stesheni ilikuwa ndogo, ila haikujengwa kwa pupa. Kuta zake za mawe zilikuwa nene hata paka aliweza kujinyoosha dirishani bila kuanguka. Paa la vigae lilitokeza mbele juu ya nguzo za chuma, abiria wasinyeshewe, na ukingoni mwake zilipangwa mbao zilizochongwa kama pindo la kitambaa. Dirisha la tiketi liliwekwa chini kidogo. "Ili hata mtoto aliyetumwa anione," bibi alisema.

Mwaka ule kijiji kiliamua stesheni iwe chumba cha kusomea. Fundi seremala angetengeneza fremu mpya za madirisha kwa mbao za mabenchi ya abiria, mbao ngumu zisizopatikana tena. Zilitosha kazi moja tu, bila akiba. Mwalimu akawaambia wanafunzi wapime madirisha yote. Daftari bora lingetumiwa na fundi, na jina la mwenye daftari lingeandikwa juu ya mlango.

Vipimo alipima siku nne. Utepe wake ulikuwa wa bibi. Panya walitafuna ncha, bibi akashonea kiraka cha kitambaa, akakizidisha urefu kuliko kipande kilicholiwa. Basi kila kipimo kilisomeka pungufu kwa sentimita tano. Vipimo alilijua hilo. Aliandika alichokiona, akapanga kuongeza tano zake mwishoni.

Kabla hajaziongeza, Kicheko, rafiki aliyekaa naye dawati moja, aliomba daftari.

"Nione tu ulivyopanga. Kesho asubuhi nakurudishia."

"Usilipake mafuta."

"Mikono yangu ni safi kuliko roho yangu," Kicheko akasema, wote wakacheka.

Kesho yake daftari lilirudi saa sita, mwalimu alipokwisha kukusanya kazi. Siku ya pili mwalimu akainua juu daftari la mshindi. Lilikuwa la Kicheko. Kila dirisha lilikuwa na jina alilolibuni Vipimo mwenyewe: dirisha la tiketi, dirisha la bendera, dirisha la paka. Vipimo alimtazama rafiki yake. Kicheko alitazama viatu vyake.

"Nimemlisha kwa mkono wangu, bibi, naye kaning'ata kidole," Vipimo alisema jioni.

"Umemwambia mwalimu?"

"Atasema nina wivu." Kisha akakumbuka kiraka. "Hajui habari za kiraka, bibi, hakuongeza zile tano. Kesho fundi anakata. Acha akate, aumbuke mbele ya watu."

Bibi alipangusa kizingiti cha dirisha la tiketi polepole. "Kicheko amekukosea, sikatai. Mbao je, zimekukosea nini?"

Usiku ule usingizi ulimpa Vipimo tabu.

Asubuhi alimkuta fundi stesheni ameshalaza ubao, penseli sikioni, msumeno mkononi. Mwalimu na Kicheko walisimama kando.

"Fundi, ngoja kidogo. Dirisha la tiketi ni themanini na tano, si themanini."

"Mwenye daftari kaandika themanini," fundi alisema. Akamgeukia Kicheko. "Binti, ulipima kwa kitu gani?"

"Kwa... rula."

Vipimo akatoa utepe wenye kiraka. Fundi akaunyoosha dirishani: themanini. Akatoa wake: themanini na tano. Akaushusha msumeno chini. "Ubao mrefu hupunguzwa," alisema. "Mfupi haurefuki."

Kicheko akaanza kulia. "Nilinakili, mwalimu. Kazi ni ya Vipimo."

Jina la Kicheko lilikuwa tayari juu ya mlango, kwa chaki. Mwalimu alimpa kitambaa, naye Kicheko akapanda kwenye kiti, akalifuta mwenyewe.

"Naomba unisamehe," Kicheko alimwambia Vipimo aliposhuka.

"Leo bado inauma," Vipimo akajibu. "Ila kesho njoo tupige msasa. Fremu ni nyingi."

Bibi alikuwa ameegemea ufagio wake. Akawaita wote wawili dirishani pake.

"Nimekagua tiketi miaka mingi, wajukuu zangu. Kazi ya kunakili ni kama tiketi ya kuokota. Itakupandisha garini, lakini ukiulizwa unakwenda wapi, huna jibu. Nawe Vipimo, ukitendewa ubaya, usiharibu kilicho cha wote ili umkomoe mmoja. Haya, shukeni jukwaani, nifagie."