Kete Iliyoachwa Wazi

Ilianza kwa mlio. Mashine ya gemu ya Hikmat ilijua kulia kwa namna moja tu, tii, mlio mwembamba usio na adabu, kila kete iliposogea kwenye kioo cha televisheni. Alishauzoea. Lakini alasiri moja ya Januari, theluji ikiteremka nje na bomba la joto likikoroma ukutani, zamu ya mashine ilifika, kete yake nyeupe ikasogea, na iliposimama ilitoa sauti ya mbao kugonga mbao. Kisha ikasikika ikisuguliwa kidogo, huku na huku, kama mtu ameiweka na hakuridhika.

Hikmat aliinuka akachungulia nyuma ya televisheni. Nyaya, vumbi na soksi moja. Nyumba nzima haikuwa na ubao wa tawla, mchezo wa dadu na kete wa kwao. Ubao wao ulibaki kusini mwa Lebanoni, kwenye nyumba ambayo sasa haikuwa na paa.

Mama yake, Bi Wadad, alikuwa kwenye kochi akichambua dengu. Alinyanyua kichwa.

"Nadim husugua hivyo," alisema.

"Mama, hii ni mashine."

"Kwani nimesema si mashine? Nimesema husugua hivyo." Akarudi kwenye dengu zake, lakini vidole havikutulia tena.

Nadim alikuwa mdogo wake Hikmat, dereva wa lori la machungwa. Kiangazi kilichopita, vita vilipopamba moto, alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani akashushwa, na tangu hapo hakuna aliyemwona, mzima wala maiti. Lori lilipatikana likiwa na machungwa yaliyoanza kuoza. Hikmat akamleta mama yake Dearborn, Marekani, akidhani umbali utamtuliza. Haukumtuliza. Bi Wadad alikataa matanga, akakataa kusomewa mwanawe hitima, na aliyethubutu kusema "Mungu amrehemu Nadim" mbele yake alikatwa jicho hadi akaomba radhi.

Mashine ililetwa na Ghada, mke wa Hikmat. Kiwanda cha magari kilikuwa kimewarudisha watu nyumbani, Hikmat akiwamo, na Ghada alichoka kumpokea kila jioni akinuka moshi wa kijiwe cha kahawa. Jirani aliyekuwa akihama alimwachia mashine pamoja na kanda ya tawla.

"Afadhali ufungwe na televisheni hapa ndani," alimwambia, "kuliko kufungwa na wale wavivu wenzako mbele za watu."

Hapo ndipo Hikmat alipokosea, na kosa lenyewe asingelifanya mtu ambaye hakulelewa kwenye tawla. Kwao mgeni ndiye hutupa dadu kwanza, na mwenyeji humkaribisha kwa jina. Mchezo hauanzi hivi hivi. Siku ya kwanza alipoiwasha, nusu kwa utani na nusu kwa upweke uliokuwa ukimla, aliiambia mashine: "Karibu, Nadim. Tupa wewe, leo wewe ndiye mgeni." Na Bi Wadad, ambaye hajawahi kuona mgeni akicheza na koo kavu, akamimina kahawa kikombe cha pili akakiweka mbele ya televisheni. Maskini, hawakujua wamemfungulia nani.

Baada ya ule mlio ilikuja harufu. Ilikuwa ya maganda ya machungwa yaliyowekwa juu ya jiko la moto, vile Nadim alivyopenda kuyaweka wakati wa baridi huko kwao, na nyumba ya Dearborn haikuwa na jiko la namna hiyo. Ilikuja mashine ilipowashwa na kuondoka ilipozimwa. Hikmat aliogopa, lakini hakuizima. Ukweli ni kwamba aliingoja. Alikuwa akifungwa kila siku, akifungwa na mtu aliyecheza kama mdogo wake, mwenye pupa mwanzoni na mjanja mwishoni, na kila alipofungwa moyo wake ulisema: huyu yupo. Mtu aliyepotea na anayeweza kukufunga tawla hajapotea kabisa.

Kisha Bi Wadad alianza kuzitaja dadu kabla hazijasimama.

"Shesh-besh," alinong'ona, na kwenye kioo zikatulia sita na tano.

"Dabash." Tano na tano.

Hikmat aliachia kishikio cha kuchezea. "Mama, umejuaje?"

"Ananiambia." Alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile halikuwa limeonekana usoni mwake tangu kiangazi. "Anaongea polepole, masikini. Anasema alipo kuna baridi. Anasema nikila mimi, yeye anabaki na njaa."

Ghada alisikia akiwa mlangoni. Aliingia, akakinyanyua kile kikombe cha pili, akamwonyesha mumewe ndani. Kilikuwa kikavu, kimelambwa hadi mashapo.

Tangu siku hiyo Bi Wadad aliacha kula. Chakula chake alikipanga mbele ya televisheni, wali wa dengu, mkate, zeituni, na baada ya muda sahani ilikuwa tupu na yeye alikuwa amepungua. Pete ilimtoka kidoleni ikabingirika chini ya kochi. Daktari alipima damu, akapiga picha kifua, akasema ni huzuni, bibi apelekwe kutembea. Hikmat alipoizima mashine na kuifungia kabatini, mama yake alianguka papo hapo, midomo ikawa ya samawati, hadi walipoirudisha na kuiwasha.

Mume na mke walizungumzia jikoni, bomba la maji likiwa wazi ili wasisikike.

"Hikmat, mama anakwisha."

"Naona."

"Unaona, halafu unakaa unacheza naye. Unajua unacheza na nani?"

Hikmat alitazama maji yakitoka bombani.

"Nijibu, wewe mwanaume. Unajua?"

"Nikimwondoa huyu, Ghada, nitakuwa nimebaki na nini? Sina kaburi. Sina hata shati lake."

Ghada alifunga bomba. Alikuwa akilia, lakini sauti yake ilikuwa imara. "Utabaki na mama. Kesho namwita Hajja Fikriyya."

Hajja Fikriyya alikuwa mama mfupi mwenye goti baya, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa kuyeyusha madini ya risasi ili kutoa husuda na majini. Alikuja Alhamisi, baada ya adhuhuri, na kisufuria chake ndani ya mfuko wa dukani. Walimfunika Bi Wadad shuka, Ghada akashika beseni la maji ya baridi juu ya kichwa chake, na Hajja akaimimina risasi iliyoyeyuka huku akisoma. Risasi ikiingia majini hulia na kuganda. Kila mtu anajua hivyo. Ile haikulia wala haikuganda. Ilizunguka beseni taratibu, laini na yenye kung'aa, na chini ya shuka Bi Wadad akacheka kicheko cha kijana.

Hajja alirudi nyuma. Aliwavuta Hikmat na Ghada hadi kwenye korido.

"Mlimkaribisha?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Hikmat akainamisha kichwa. "Mimi. Kwa jina."

"Kwa jina la nani?"

"La mdogo wangu."

"Ah, mwanangu. Mwanangu." Alijishika goti. "Hawa nao wana adabu zao. Aliyekaribishwa kwa jina hatoki kwa kusomewa tu, anajiona yuko kwake. Haya niambie, mtu akifungwa tawla, kwenu hufanya nini?"

"Hukunja ubao, akautia kwapani, akaenda zake huku akichekwa."

"Basi umfunge. Umfunge, kisha umwambie achukue ubao wake aende. Na ufanye leo, kwa sababu mama yako hafiki keshokutwa."

"Hajja, na kama ni yeye kweli?"

"Roho ya Muislamu haikai kwenye televisheni. Hiki ni kitu kimemvaa mama yako. Kimejifunza kwenye kumbukumbu zenu, kwa vile mlivyokaa mkimlilia." Alisema hivyo bila kumtazama machoni.

Wakakaa. Ghada alisimama nyuma ya kochi, Hajja alisoma chini kwa chini, na Bi Wadad, mwepesi sasa kiasi kwamba mto haukubonyea alipouegemea, alisogea hadi mabega ya mama na mwana yakagusana. Hikmat hakumkaribisha mtu. Alikizungusha tu kishikio, na dadu zikaanza kuruka.

Ilikuwa bado mchana lakini chumba kilikuwa kikipoteza mwanga, si kwa jua kuzama, bali kana kwamba kuna mtu mkubwa amesimama dirishani, na harufu ya maganda ya machungwa ilikuwa nzito hadi Ghada akaziba pua na upindo wa nguo yake, na kila kete nyeupe iliposogea mbao iligonga mbao na kusuguliwa, na Bi Wadad akataja dadu kabla ya dadu, na sauti yake ikazidi kunenepa, ikashuka, ikawa na mkwaruzo wa mvuta sigara, hadi Hikmat akaacha kugeuka kumtazama kwa sababu alijua akigeuka ataona midomo ya mama yake ikisema kwa sauti ya Nadim, "Unacheza vibaya, kaka, Marekani imekuharibu," na alitaka kucheka kama walivyokuwa wakicheka, na alitaka kupiga magoti kuomba radhi kwa kuwa yeye ndiye aliyeondoka na mwenzake ndiye aliyebaki, na hakufanya lolote kati ya hayo, aliendelea kuzungusha kishikio huku jasho likimdondokea mikononi.

Alikuwa akishindwa. Mashine ilikwisha anza kutoa kete zake nje ya ubao, na anayezimaliza kwanza ndiye mshindi, naye alikuwa na kete moja iliyokwama nyuma kabisa. Alichokuwa nacho ni nyumba zake sita, zote zimefungwa; akiweza kuipiga kete moja tu ya mwenzake ikatoka nje, haitakuwa na pa kurudi kuingilia.

Dadu za mashine zikasimama. Safari hii Bi Wadad hakuzitaja. Kulikuwa na njia salama, mtoto angeiona: sogeza mbili pamoja, mchezo umekwisha. Kete nyeupe moja ikasogea. Ikamwacha mwenzake peke yake, wazi, mbele ya kete ya Hikmat. Haikusuguliwa.

Hikmat aliijua kete ile. Asubuhi aliyoondoka kwao kuja Marekani, begi likiwa mlangoni, Nadim mwenye miaka kumi na saba, ambaye hakuna aliyewahi kumfunga pale kijijini, aliacha kete yake wazi namna ile ile, akageuza uso dirishani, akasema, "Piga basi, ndege haikungoji." Hawakuwahi kulizungumzia. Aliyekuwepo ni mama tu, aliyekuwa akimfungia mikate ya safari.

Dadu zake zikasimama. Ilikuwa namba aliyoihitaji.

Mkono wa mama ukamshika kifundo cha mkono, nao ulikuwa wa baridi. "Usimpige," alisema, na ilikuwa sauti yake mwenyewe. "Hikmat, mwanangu, nakuomba. Usimpige."

Alimtazama. Aliona mifupa ya uso wake, aliona shingo iliyobaki mishipa mitupu. Akapiga.

Yaliyofuata yalikuwa mepesi. Kete ile ilikaa nje, haina pa kuingia, hadi Hikmat alipomaliza kutoa zake zote.

"Umefungwa," alisema. "Chukua ubao wako kwapani. Nenda."

Mlango wa mbele ulifunguka wenyewe, taratibu, ukafungwa taratibu, kama afungavyo mtu asiyetaka kuamsha waliolala. Harufu ilikatika. Ndani ya beseni kitu kililia, tsss, na risasi ikaganda. Hajja Fikriyya akamshukuru Mungu kwa sauti, akaomba chai.

Jioni ile Bi Wadad alikula sahani nzima ya dengu, akaongeza. Rangi ilimrudi. Akapangusa sahani kwa mkate hadi ikawa safi.

"Hajja anasema lilikuwa jini," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Jini linamwachia mtu ashinde?"

Hikmat akaichukua ile sahani tupu, akaipeleka jikoni.

Wiki iliyofuata Bi Wadad mwenyewe aliomba matanga yawekwe. Wanawake wa mtaa walijaa sebuleni, hitima ikasomwa, na Hikmat akapita na birika la kahawa chungu isiyo na sukari, akiwamiminia mmoja mmoja. Mgeni aliyekaa karibu na mama yake, mtu wa mji wa jirani wa Toledo asiyewajua vizuri, aliuliza kwa upole marehemu alifariki lini, na wapi.

"Alhamisi iliyopita," alisema Bi Wadad. "Hapa hapa, nyumbani kwa kaka yake."

Kisha akamnyooshea Hikmat kikombe chake, bila kumtazama, naye akakijaza.