Mgongo wa Dahabo na Fito za Nyumba

Mto Tana ulikuwa unajaa. Waorma waliokaa karibu na Garsen walifunga mizigo ili wahamie nchi kavu. Zilibaki siku nne tu kabla ya kuondoka.

Kwa Waorma, nyumba ni kazi ya mwanamke. Yeye huijenga, huibomoa na kuipakia juu ya ng'ombe. Wanaume hukaa kando wakipiga gumzo. Dahabo, akibomoa nyumba yake, aliinama, akakumbatia fito nyingi kwa pamoja, akajipinda nazo. Mgongo ukamkaza. Akaanguka.

Mumewe, Guracha, akatia chuma motoni. Mgongo ukiuma huchomwa, ndivyo walivyozoea. Dahabo alikiogopa chuma, lakini aliogopa zaidi kuachwa nyuma maji yakija.

Siku hiyo Jilo, dresa anayefunga vidonda na kutibu watu zahanati, alikuja kuwaaga wagonjwa wake.

"Ngoja kwanza, Guracha," alisema. "Dahabo, miguu ina ganzi? Mkojo unatoka vizuri?"

"Miguu iko sawa, daktari. Mkojo pia. Hapa tu kiunoni panauma sana."

"Basi ni msuli umevutika. Ungekuwa na ganzi, au mkojo ungekataa kutoka, tungekwenda hospitali leo hii. Chuma kitakuongezea kidonda tu. Leo na kesho weka kitambaa cha maji baridi. Baadaye weka cha maji ya moto. Lakini usilale siku zote, mgongo utakaza zaidi. Tembea kidogo kidogo. Na usibebe kitu mpaka upone."

"Sasa nyumba itabebwa na nani?" Guracha aliuliza.

Jilo akamnyooshea yeye kidole.

Guracha akaziangalia fito. Mwanamume kushika fito ni aibu. Lakini kumwacha mke kwenye mafuriko je? Akakitoa chuma motoni. "Nionyeshe namna ya kubeba," alisema.

Jilo akamwonyesha. "Gawa mzigo. Kunja magoti, mgongo usiinamishe. Shika mzigo karibu na kifua. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usipinde kiuno."

Siku ya nne Guracha akapakia fito, kidogo kidogo. Jirani yao Abduba alicheka mpaka machozi.

"Guracha, leo umeolewa?"

"Cheka tu, Abduba. Mama watoto akiumia, wewe utamwacha kwa maji?"

Abduba akaacha kucheka.

Ng'ombe wakaondoka. Dahabo aliwafuata polepole, bila mzigo, kwa miguu yake mwenyewe. Maji yalipofika pale walipokaa, hayakumkuta mtu.