Chupa ya Watu Kumi

Bhoke alikuwa akimkamua ng'ombe wa tatu pikipiki ilipoingia uani bila taarifa. Juu yake alikaa mwanamke mgeni aliyevaa gambuti, na nyuma yake kulikuwa na kisanduku cha buluu kilichofungwa kwa mpira. Ilikuwa Jumamosi asubuhi hapo Kegonga. Umande ulikuwa haujakauka.

Babu yake, Mzee Maroa, alikiona kile kisanduku kabla ya kumwona mwenyewe.

"Bhoke, acha maziwa. Daktari wa ng'ombe amefika."

Kabla mgeni hajavua kofia yake ya pikipiki, Babu alikuwa amefungua zizi na kuanza kupiga mluzi. Ng'ombe walijipanga kwenye kile kichochoro cha mbao ambamo huchanjiwa kila baada ya miezi sita. Mgeni alipogeuka, alijikuta ana kwa ana na fahali.

"Habari ya asubuhi, mzee," alisema bila kusogeza mguu. "Huyu sasa nimfanye nini?"

"Mdunge hapa shingoni. Yule wa mwaka jana alidunga shingoni."

"Mzee, mimi nadunga watu."

Nyanya Nyamusi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka hadi akashika kiuno. Hata Babu alitabasamu kidogo, ingawa alijifanya anafunga lango.

Mgeni aliketi akapewa chai. Alisema anaitwa Damaris, muuguzi, na kwamba anapita nyumba kwa nyumba akiwatafuta wazee waliochanjwa mwaka uliotangulia ili wapate sindano ya tatu ya korona.

"Korona si iliisha?" Babu aliuliza.

"Haijaisha. Imebadilika sura tu."

Babu aliweka kikombe chini. "Sikiliza, binti yangu. Mwaka jana nilidungwa mara mbili, mimi na huyu mama. Mkono uliniuma siku mbili. Mwaka huu nikaenda mnadani Ogwedhi, nikarudi na kikohozi. Nilipimwa, wakasema ni hiyo hiyo korona. Sasa niambie, nilidungwa ya nini?"

"Ulilazwa?"

"Nilazwe kwa kikohozi? Nilikaa ndani na uji siku chache, nikapona nikarudi kuchunga."

Damaris aliguna tu. Kisha akamtazama Nyanya, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba kidogo. Nyanya alikuwa ameugua kisukari kwa miaka tisa. "Kwa mama ndiyo nina wasiwasi zaidi. Nguvu ya chanjo hupungua kadiri miezi inavyopita, na mwili wenye kisukari hauna akiba kubwa ya kupigana."

"Mimi ningependa," Nyanya alisema taratibu.

"Hatutaki," Babu akasema, na mazungumzo yakaishia hapo. Nyanya alitazama mikono yake.

Bhoke alimsindikiza mgeni hadi barabarani. Moyo wake ulikuwa mzito. Mama yake alifanya biashara mjini Migori na kurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo Nyanya ndiye aliyemsuka nywele, akamfundisha kukamua, na kumngoja mlangoni akitoka shule.

"Sista, kama chanjo ni nzuri, kwa nini Babu alikohoa?"

Damaris aliegemea pikipiki yake. "Nyinyi mna mbwa?"

"Wawili."

"Mwizi akibadilisha nguo, anaweza kumdanganya mlinzi wa langoni. Lakini akishaingia, mbwa watamjua kwa harufu. Atakanyaga mahindi, atavunja ua, ila ng'ombe hataondoka naye. Kirusi nacho kimebadilisha nguo. Kinapita langoni kwa urahisi zaidi kuliko zamani, ndiyo maana waliochanjwa wanakohoa. Lakini ndani ya mwili kinakuta wanaokijua. Wengi hupona nyumbani badala ya kulazwa."

"Wote?"

"Sitakudanganya. Si wote. Wazee na wagonjwa wachache bado huzidiwa. Ndiyo maana tunawaamsha wale mbwa wasisinzie. Hiyo ndiyo kazi ya sindano ya tatu."

"Basi Nyanya akija kwako peke yake?"

Damaris alitikisa kichwa. "Chupa moja ni ya watu kumi. Nikiifungua, lazima iishe ndani ya saa sita, la sivyo naimwaga. Siwezi kumwaga dozi tisa. Alhamisi saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye baraza ya ofisi ya naibu wa chifu. Wakifika kumi, nafungua. Wasipofika, naenda kwingine, na sijui nitarudi huku lini."

Jioni ile Babu alikuwa zizini akikagua kwato. Bhoke alisimama karibu naye na ndoo tupu.

"Babu, yule mwenye pembe iliyopinda alichanjwa kabla ya ule ugonjwa wa miguu na midomo?"

"Alichanjwa. Wote kumi na mmoja walichanjwa."

"Aliugua?"

"Alitoka mate siku tatu."

"Na huyu mweusi?"

"Alichechemea wiki moja. Kwa nini?"

"Na wale watatu uliowaleta kutoka Ogwedhi baada ya chanjo kupita?"

Kila mtu pale nyumbani alijua habari za wale watatu. Mmoja alitoka kwato hadi akachinjwa, wa pili maziwa yake yalikauka moja kwa moja, na wa tatu, ndama mwekundu ambaye Bhoke alimpenda, alikufa.

"Kwa hiyo ulimfukuza daktari wa ng'ombe," Bhoke alisema, "kwa sababu waliochanjwa nao waliugua."

"Nimfukuze kwa nini? Alieleza vizuri. Alisema mwaka ule ugonjwa ulikuja na sura nyingine, chanjo ikashindwa kuuzuia kabisa, lakini ikaukata makali. Bila ile chanjo, zizi hili lingekuwa..."

Aliuachia ukwato aliokuwa ameushika, akanyooka polepole. Ng'ombe mwenye pembe iliyopinda alimpumulia begani.

"Nani alikufundisha kumzunguka mtu hivi?"

"Wewe, Babu. Ulisema ukitaka kumjua ng'ombe mnadani, usiulize swali kubwa. Uliza madogo madogo."

Babu alicheka kwa pua. Halafu akaegemea mbao za zizi, uso wake ukabadilika.

"Siku ile ya Ogwedhi nilikuwa na Angwenyi wa Uriri," alisema. "Tulikula sahani moja. Yeye alikataa kuchanjwa tangu mwanzo. Mimi nilikunywa uji. Yeye alilazwa siku kumi na nane na mtungi wa hewa. Nilienda kumwona. Hakuweza kumaliza sentensi." Alipangusa mikono kwenye koti lake. "Nimekuwa nikitangaza sokoni kwamba chanjo ilinishinda. Kumbe huenda ndiyo iliyonirudisha nyumbani."

Kesho yake, baada ya ibada, Mzee Maroa aliomba nafasi ya kusema. Bhoke hakuwahi kumwona babu yake akikubali kosa mbele ya watu. "Niliwaambia chanjo ni maji matupu," alisema huku ameshika kofia kifuani. "Nilisema bila kufikiri. Mimi na mama watoto tutakuwa wa kwanza Alhamisi." Kwenye benchi la nyuma mzee mmoja alimtania, "Maroa, nasi utatuswaga kwenye kichochoro cha mbao?" Babu akamjibu kwamba kichochoro kile ni cha ng'ombe wenye adabu. Watu walicheka, na kabla hawajatawanyika, saba walikuwa wamekubali.

Saba na wawili ni tisa.

Wa kumi angepatikana wapi? Bhoke alimkumbuka Mzee Monari, Msabato aliyehamia kutoka Kisii zamani na sasa aliishi peke yake ng'ambo ya kijito. Macho yake yalikuwa yamekufa. Bhoke alimkuta akipukuchua mahindi kwa vidole.

"Nilikwisha kukataa mara mbili," Mzee Monari alisema. "Usifikiri ni ukaidi. Maumivu siyaogopi. Naogopa kitu kinachonijia nisichokiona. Wewe unaiona sindano, unajikaza. Mimi inanikuta tu."

Bhoke alifikiri. "Nikija kukuchukua mwenyewe, babu? Nitakushika mkono, nitakwambia kabla haijaingia."

"Wewe mwenyewe? Hutamtuma mtu?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi nitakuja."

Jumatano mchana Mwalimu Obare aliingia darasani na habari. Safari ya Gredi ya Sita kwenda Homa Bay, iliyopangwa Ijumaa, ilikuwa imesogezwa hadi Alhamisi, kwa kuwa basi lingekuwa na kazi nyingine siku ya pili yake. Lingeondoka saa mbili kamili na lisingemngoja mtu. Darasa zima lilishangilia. Bhoke peke yake alibaki ameduwaa. Hakuwahi kuliona ziwa. Alikuwa amejiuliza mara nyingi maji yasiyo na ng'ambo yanafananaje.

"Acha babu yako amlete huyo mzee," rafiki yake Oliver alimwambia njiani. "Mkono ni mkono."

"Si wangu."

"Atajuaje? Si haoni."

Bhoke alimkazia macho, na Oliver akatazama viatu vyake. "Haya, nimekosea," alisema. "Lakini ziwa, Bhoke."

Nyumbani Babu alisema vivyo hivyo, kwa upole. "Nenda safari yako. Nitamchukua mimi."

Bhoke alivuka kijito jioni hiyo kumweleza Mzee Monari mabadiliko. Alimkuta amefua shati lake jeupe na kulitandaza juu ya ua, analipapasa kuona kama limekauka.

"Ni hatua za Bhoke hizo," alisema kabla hajasalimiwa. "Kesho ndiyo Alhamisi, sivyo? Nimewaambia majirani nina mtu wangu wa kunipeleka."

Bhoke alilitazama lile shati, akayaacha maneno aliyokuja nayo. "Ndiyo, babu," alisema. "Saa moja na nusu nitakuwa hapa."

Asubuhi alimfikisha Mzee Monari barazani hatua kwa hatua, akimwonyesha kila shimo la barabara kwa maneno. Damaris alihesabu watu waliokaa kwenye mabenchi, akahesabu tena, kisha akafungua kisanduku cha buluu. Kwa sauti kila mtu asikie, alisema, "Kumi."

Mzee Maroa alikunja mkono wa shati na kukaa wa kwanza. Hakukunja uso. Nyanya alifuata, naye aliponyanyuka alikuwa na tabasamu la msichana.

"Sista," Babu alisema akiwa amebonyeza pamba begani, "huyu mjukuu wangu alinihoji kuhusu ng'ombe zangu mpaka nikajifunga mwenyewe."

Damaris alimsikiliza akisimulia habari za zizi. "Ng'ombe kumi na wanne ni wachache mno kuthibitisha jambo, mzee," alisema. "Lakini watafiti wamewachunguza watu maelfu kwa maelfu katika nchi nyingi, na wameona kitu kile kile. Kirusi hubadilika. Aliyechanjwa huweza kuugua, lakini ni nadra zaidi kuzidiwa kuliko asiyechanjwa."

Babu aliwageukia waliokuwa wakingoja. "Mmesikia. Kosa langu lilikuwa hili: niliihukumu chanjo kwa kikohozi nilichopata, sikuuliza ni nini ambacho sikukipata. Mtu mwenye akili hutazama yote mawili. Na mtu mzima akionyeshwa ukweli na mtoto, aseme ahsante." Aliweka mkono wake mzito kichwani pa Bhoke. "Ahsante. Huyu ni wa nyumba yangu, mumwone."

Uso wa Bhoke ulipata joto. Hakujua atazame wapi.

Zamu ya mwisho ilikuwa ya Mzee Monari. Alikaa wima katika shati lake jeupe, akanyoosha mkono hewani, na Bhoke akaushika. Vidole vya mzee vilikuwa vikavu.

Wakati huo huo basi la shule, lililokuwa limechelewa kidogo, lilipita barabarani. Honi ililia na watoto waliimba. Oliver alichungulia dirishani akapunga mkono. Bhoke hakuachia mkono alioushika ili ampungie.

"Gari gani hilo lenye kelele?" Mzee Monari aliuliza.

"La shule, babu."

"Linaenda wapi?"

"Homa Bay."

"Darasa lako?"

"Ndiyo, babu." Bhoke aliiangalia sindano, si barabara. "Sista amekupaka dawa, ndio huo ubaridi. Sasa anasogea. Jikaze, inakuja sasa hivi."

Mzee Monari alivuta pumzi na kuushika mkono wa Bhoke kwa nguvu. Sindano iliingia, ikatoka. Sauti ya basi ilikuwa imekwisha kupotelea mbali, na mkono wa Bhoke ulikuwa pale pale alipoahidi kuuweka.