Nani Kashona Sare Hii?

Kila alasiri, akishavua viatu vya shule na kuvipanga mlangoni, Sindano alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani cha mama yake. Kazi yake ilikuwa kushona vifungo, kukunja pindo na kutunga uzi. Alikuwa mwembamba wa umbo na mwepesi wa macho. Uzi haukuwahi kumsumbua. Ndiyo maana watu wa mtaa walimbandika jina hilo, naye akalipenda kuliko lile alilopewa siku ya kuzaliwa.

Chumba chao kilikuwa kimoja. Pazia lilikitenga kitanda, na cherehani kilikaa dirishani penye mwanga. Bati lilivuja, na mvua ilipoanza, kitu cha kwanza kuokolewa kilikuwa hicho cherehani. "Sisi tukilowa tutakauka," mama alizoea kusema. "Huyu akilowa ataingia kutu, na akiingia kutu tutalala njaa." Sindano na mdogo wake walicheka, kwa jinsi mama alivyokiita "huyu" kana kwamba ni mwanawe wa kwanza.

Siku hizo, hata hivyo, kicheko kilikuja kwa shida. Mwenye nyumba alitaka chumba chake kiwe ghala la saruji, na aliwapa mwezi mmoja wahame. Vyumba vingine mjini vilikuwa na kodi wasiyoimudu. Tumaini lilibaki moja. Baraza la mji lilikuwa limejenga nyumba za kupangisha kwa bei nafuu, na kila mpangaji atakayekubaliwa angesaidiwa sehemu ya kodi. Mama alikuwa ameomba. Ilisalia afisa wa nyumba apite kuona wanavyoishi.

Alasiri moja mama alitoka kupeleka sare alizokwisha kushona. Punde jirani wa chumba cha pili, Mama Pacha, akachungulia mlangoni.

"Sindano, mama yako yuko wapi? Afisa wa nyumba yuko uchochoro wa juu, anakuja huku."

"Amepeleka sare. Hachelewi."

Mama Pacha akakitazama cherehani, akashika kiuno. "Na hiki kimekaa hapa kama bwana harusi? Mwanangu, msaada hupewa mnyonge. Akikiona atasema hawa wanajiweza, atapita zake. Mdogo wako akilala nje utamwambia nini?"

"Mama hakusema tukifiche."

"Mama yako muungwana mno. Uungwana hauezekwi ukawa paa. Shika huku."

Sindano akamtazama mdogo wake aliyesinzia kitandani. Akalitazama doa la maji batini, juu ya kichwa chake. Akashika. Wakakihamishia kwa Mama Pacha, wakakifunika shuka, na wanawe pacha wakaamriwa wakae mbele yake watulie, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya tangu wazaliwe.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vyake vimejaa vumbi, kalamu ameichomeka kwenye kilemba. Alipiga hodi, akakaribishwa, akakaa kwenye kigoda. Aliuliza kuhusu paa, maji na choo, na Sindano akajibu kwa adabu.

"Na mama anafanya kazi gani?"

Sindano akainamisha macho. "Hana kazi."

Afisa akaandika. Mahali pa cherehani palikuwa patupu, kama pengo la jino lililong'oka. Kisha, pengine kwa kumwona mtoto ana wasiwasi, afisa akaugusa ukosi wa sare yake. "Sare yako imekukaa vizuri. Mimi kwa ajili ya wanangu nagombana na mafundi kila muhula. Nani kashona sare hii?"

Swali hilo Sindano alikuwa ameulizwa na walimu, na wenzake, na hata wapita njia. Siku zote jibu lake lilikuwa tayari ulimini kabla swali halijaisha. Na sasa likatoka lenyewe, kwa sauti ya juu na shingo imenyooka:

"Mama yangu."

Afisa akainua uso. "Yule asiye na kazi?"

Sindano akaziba mdomo, lakini neno lililokwisha kutoka halirudi tumboni. Machozi yakamlenga. Kilichomuuma zaidi hakikuwa kukamatwa. Alikuwa amevaa kazi ya mikono ya mama yake, na papo hapo akaikana. Akasimama.

"Nimesema uongo, bibi. Mama ni fundi cherehani. Cherehani nimekificha kwa jirani, na mama hajui. Tafadhali, ukiandika vibaya, niandike mimi."

Mama alikuwa amekwisha kufika mlangoni, kapu mkononi. Akaliweka chini, akamgeukia mgeni. "Bibi, andika fundi cherehani. Kama kwa neno hilo tutaikosa nyumba, basi tuikose tukiwa sisi wenyewe."

Mama Pacha, aliyesikia yote kutoka chumbani kwake, akaingia amekikumbatia cherehani, macho chini. "Ushauri ulikuwa wangu, fundi. Nilidhani napika, kumbe naunguza."

Afisa akafuta alichoandika. "Nyumba hizi ni za watu wanaofanya kazi, ila kipato chao hakiifikii kodi ya mjini. Baraza hulipa sehemu, mpangaji naye hulipa sehemu. Ningeacha hivi, kamati ingeuliza, sehemu yake atailipa kwa kitu gani? Mlikuwa mmeficha ufunguo, mkabaki kuusukuma mlango."

Kabla ya mwezi kwisha afisa alirudi. Kamati imekubali, alisema, na kwa kuwa alikuwa amekiona cherehani, alikuwa amewaombea nyumba yenye dirisha linaloelekea mawio ya jua. Siku ya kuhama Mama Pacha alikibeba cherehani mwenyewe, wala hakukubali kusaidiwa na mtu.

Mvua ya kwanza ilipowakuta huko, Sindano aliruka kwa mazoea akakikumbatia cherehani. Akatazama juu. Hakuna tone lililoanguka. Mama akacheka mpaka akaweka mkasi chini.

"Keti, mwanangu," alisema. "Kusaidiwa si aibu, leo unashikwa mkono, kesho utamshika mwingine. Umaskini nao si aibu. Aibu ni kuikana riziki ya halali tuliyojaliwa na Mwenyezi Mungu, na kumdanganya anayekuja kukusaidia. Daktari ukimficha maumivu atakutibu nini? Ukiulizwa ulivyo, sema ulivyo, na useme kama ulivyosema siku ile."

"Siku ile niliposema uongo?"

"Siku ile uliposema 'mama yangu'." Akamsogezea kibweta cha nyuzi. "Haya, tunga uzi."

Sindano akautunga, mara moja tu, huku mvua ikipiga paa lisilovuja.